Mke wangu alipatikana na kaswende, mimi sina: kumbe ni damu inayoganda

Wakuu, salamu kutoka Migori. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sitaruka hata pale nachekesha.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four nikarudi kufuga kuku, na safari yangu ndefu ni kutoka kwa kochi hadi kwa banda. Mwenye kutembea ni mke wangu, Atieno. Ananunua vitenge Isebania, kule mpakani, anauza Rangwe.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka, zote zikiwa za miezi mitano. Hii ya tatu tuliibeba kimya, hata ni ya mwezi wa ngapi hatukutaja.

Clinic ya kwanza wakampima damu. VDRL, ile ya kaswende, ikasoma positive.

Dada yake akanipigia simu. "Shem, nyinyi wanyamavu ndio wabaya. Kwani hao kuku unafuga ni wa aina gani?"

Nilicheka. Kisha nikapimwa na mimi. Negative.

Hapo kila mtu akaanza kufikiria Isebania, kwamba kuna mwanamume huko. Na mimi pia, wakuu, kidogo.

Atieno hakulia. Aliniambia, "Sindano nitadungwa. Lakini sitapakwa kitu sijafanya. Twende hospitali ya Homa Bay."

Daktari wa huko alisoma karatasi, akaiweka kando, akamwuliza, "Mama, umewahi kupoteza mimba?"

"Mbili."

Akaagiza kaswende ipimwe tena kwa kipimo kingine. Ikawa hakuna. Akatueleza polepole: kuna kinga ya mwili inayokosea adui, inashambulia mwili wa mwenyewe. Damu inaganda pale haifai, hata kwa kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Na kinga hiyo hiyo huweza kudanganya VDRL.

Basi akatolewa damu nyingine, chupa za kifuniko cha bluu, zijae hadi kwa mstari. Jamaa wa lab akazizungusha kwa mashine, na juu yakabaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Hayo ndiyo yaligandishwa kwa friji yakapelekwa Nairobi.

Nilitoka nje kungoja. Ziwa pale chini ya hospitali lilikuwa limetulia, na magugu ya majini yalikuwa yanasonga kama shamba limeamua kuhama na mboga zake. Nikiangalia sana, yalisimama, na mji ndio ukaanza kuelea, hospitali, mimi na viatu vyangu. Nikawaza ile damu iko njiani kwenda Nairobi, mahali sijawahi kufika. Hata damu ya huyu mwanamke imenizidi kutembea.

Majibu yalirudi baada ya siku kadhaa: antiphospholipid, ndiyo ile kinga inayokosea adui, positive. Daktari akasema lazima ipimwe tena baada ya wiki kumi na mbili ndiyo tuwe na uhakika, lakini mtoto hawezi kungoja uhakika. Aspirin ndogo, na sindano ya tumboni kila siku, zote za kuzuia damu isigande.

Wa kudunga ni mimi. Nimechanja kuku miaka mingi, nikajua nimeiva. Siku ya kwanza Atieno aliniangalia akasema, "Omera, usinishike mabawa."

Mwezi wa tano wa mimba ulikuja. Tuliamka, tukanywa chai, nikamdunga. Ukaisha, na mtoto bado yuko.

Kipimo cha pili kilisema vilevile positive. Sasa tuko mwezi wa nane.

Funzo langu: VDRL ikisoma positive, mwombe daktari kipimo cha kuthibitisha kabla hujamwangalia mtu vibaya. Na kama mimba zinatoka moja baada ya nyingine, uliza kuhusu damu kuganda. Usitangulie kuuliza ni nani amekulaani.

Huku kwetu nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajafika. Jana Atieno alirudi na sweta ndogo ya manjano. Akaifua, akaianika kwa kamba mchana kweupe, majirani wote wakiona.

Wenye mmepitia hii, semeni hapa chini. Hasa nyinyi mnaodunga: mkono huzoea lini?