Siku Bibi Dekio Alipoacha Maji Sakafuni

Miaka kumi na tisa alideki zahanati ile, na hakuna aliyewahi kumwonyesha vumbi. Ndiyo maana wakamwita Bibi Dekio, naye jina akalivaa kama kilemba. Bati la chumba cha kujifungulia lilitoboka zamani. Mvua ikinyesha, anapanga ndoo tatu. Lakini akija mkaguzi wa serikali ya jimbo, ndoo zinaenda stoo na sakafu inapanguswa mpaka inang'aa. Mgeni akute maji, yeye yuko hai? Thubutu!

Basi ikaja barua, nesi mkuu akaisoma kwa sauti. Jimbo limekataa tena fedha za paa, maana wakaguzi wote waliandika jengo ni zima. Atakuja mmoja wa mwisho, Alhamisi. Asipoona tatizo, maombi yanafutwa; na chumba kile kikizidi kuvuja kitafungwa, wajawazito wakajifungulie mjini.

"Vipofu hao!" Bibi Dekio akafoka.

"Si vipofu, mama. Nikiwaambia panavuja, wanatazama sakafu yako wanacheka. Wewe ndiye unayewafumba macho."

Siku mbili nzima salamu za nesi aliziitikia kwa kuguna tu.

Alhamisi mvua ikaanza asubuhi. Bibi Dekio akashika dekio, akaliweka. Akalishika tena. Mwisho akalifungia stoo pamoja na ndoo, ufunguo akamtupia nesi.

"Kaa nao wewe. Mikono yangu siiamini."

Akakaa kwenye benchi, anasikia matone yanapiga kitanda cha wazazi kana kwamba anapigwa yeye.

Mkaguzi akaingia, kiatu kikazama.

"Loo! Zahanati hii haina mfagizi?"

Nesi akafungua mdomo, Bibi Dekio akamtangulia. "Anaye. Ni mimi."

"Na hii ndiyo kazi yako?"

Jibu alikuwa nalo, tena kali. Akalimeza. "Andika unachokiona, mwanangu. Anza na paa, mimi uniandike mwisho."

Mkaguzi akainua uso, tone likamwangukia kwenye miwani. Akaandika ukurasa mzima. Gari lake halijafika kona, ufunguo wa stoo ulikuwa umesharudi kwa mwenyewe.

Bati jipya lilipigiliwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nakala ya ripoti ilikuja nalo, nesi akamsomea yote, mpaka mstari wa mwisho: mfagizi ni mzembe, apewe onyo.

"Rudia pale pa paa," akasema Bibi Dekio. "Huko mwishoni sikusikia kitu."