Mshale Uliotoroka Saa Nane

Shule niliiacha darasa la saba, na bado hapa Ruiru sijaona mtu wa rika langu anayekaa na kompyuta jinsi ninavyokaa nayo. Kazi yangu ni kuchomelea. Ukipita Gatongora, mageti yaliyonyooka ni yangu. Yaliyopinda uliza jirani. Lakini moto wa miaka mingi uliniingia machoni. Daktari aliniambia niache kabla sijaanza kuvushwa barabara kwa kushikwa mkono. Sasa niache niende wapi?

Nikaenda kwenye chati za soko la hisa. Hisa nilikuwa nanunua kidogo kidogo kwa simu, na nilipenda ile mishumaa inayoonyesha bei ya kila siku: wa kijani bei ikipanda, mwekundu ikishuka. Nikaamua kujiandikia indiketa yangu mwenyewe, programu ndogo ya kunisomea chati. Nilijifunza kwa video, herufi za laptopu nimezikuza kama bango la kanisa, na kila neno la Kiingereza lililonishinda nikaliandika kwa chaki kwenye mabati ya kibanda. Mvua ilianza, mvua ikaisha. Kazi ya indiketa ilikuwa moja tu: mshumaa wa kijani ukimeza mwekundu wa jana mzima, ichore mshale chini yake. Maana yake, nunua.

Thika kuna kikundi cha watu saba wanaokutana kila Jumatano kwenye hoteli ya ghorofani, wanakunywa chai wakiangalia soko la hisa la Nairobi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mama asiyecheka ovyo. Waliniambia hivi: indiketa ikifanya kazi mbele yetu, kila mmoja utamtengenezea yake kwa malipo. Kwangu hiyo ilikuwa kazi mpya kabisa, ya kukaa kivulini na macho yangu yakiwa bado yangu.

Nikawaonyesha miezi iliyopita. Kila mahali bei ilipogeuka, mshale umekaa.

"Haikosei?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, si unajionea mwenyewe."

Saa tano asubuhi ukatokea mshale mpya, wa siku hiyo hiyo, sote tukiona. Nilisimama. Nilipeana mikono kama bwana harusi. Kufika saa nane, mzee mmoja anayeuza mbegu akainama kwenye kioo cha laptopu.

"Fundi, mshale wako umeenda wapi?"

Haukuwepo. Bei ilikuwa imerudi chini, na mshale ukaondoka nayo bila kuaga.

"Labda umeenda kula lunch," mwingine akasema, wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Rudi Jumatano ijayo. Ukija na mwingine wa kutoroka, baki na mageti yako."

Siku mbili nililaumu laptopu, kisha intaneti. Siku ya tatu nilikuwa kibandani na mwenzangu, ambaye tumechomelea naye tangu ujana. Alikuwa amemaliza kuunga kona ya geti. Kwa hasira zangu nikachukua nyundo niijaribu ile kona. Akanishika mkono.

"Wee Profesa, hiyo bado ni nyekundu. Unaigonga ya moto ikwambie nini? Wacha ipoe."

Hiyo ni sheria yetu ya kwanza. Kiungo kikiwa na moto kinang'aa vizuri hata kama ni kibovu. Unangoja kiwe cheusi, unagonga ganda linalokifunika, ndipo unajua. Nikaiweka nyundo chini. Mshumaa wa leo ni wa moto mpaka soko lifungwe saa tisa. Mimi nilikuwa naugonga saa tano. Ile ya zamani yote ilikuwa imeshapoa, ndiyo maana haikuniumbua. Mwenzangu hakujua amesema nini, kwa hivyo sifa nilijipa mimi.

Kwenye indiketa niliongeza mstari mmoja tu: ngoja mshumaa ufungwe.

Jumatano nilifika mapema. Saa tano kimya. Saa saba kimya.

"Fundi, leo mshale hata kuja haujaja," muuza mbegu akasema.

"Ungoje upoe, mzee."

Saa tisa ikapita. Tukafungua chati ya kampuni ya kwanza, hakuna mshale. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Ya nne, mshale ukachorwa. Mwalimu akafunga laptopu, akaifungua, akauangalia tena. Upo. Akamaliza chai yake, akaangalia tena. Upo.

"Haimaanishi kesho bei lazima ipande," nikamwambia. Nilikuwa nimejifunza kidogo.

"Kesho sijakuuliza. Yangu utaiandika ingoje mishumaa miwili. Mimi siamini mtu haraka."

"Na mimi?" akauliza muuza mbegu.

"Wewe foleni iko huku nyuma yangu," mwalimu akamjibu.

Siku hizi mwenzangu anashika moto, mimi napima na kuchora mageti. Miwani yangu ya kuchomelea iko kwenye msumari, chini ya maneno ya chaki. Indiketa ya mwalimu niliimaliza Jumatatu. Sasa naandika ya muuza mbegu.