Dalali na Mfalme Mweusi

Kutwa nzima dalali huyu hunadi makabati na friji zilizotumika kwa sauti ya kupasua masikio, na nyundo yake ikishagonga, hata umlilie vipi, harudi nyuma. Jioni huvua viatu, akafunga dirisha, akawasha simu na kurekodi video za michezo ya kale ya sataranji, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Chini ya kila kete amegundisha kitambaa ili isigonge ubao. Hana papara ya kula kete ya mtu. Atakueleza taratibu, mpaka uridhike, kwa nini farasi hupendeza akikaa katikati. Kipimo chake ni mama mkwe, ambaye tangu afiwe na mumewe usingizi umemgomea. Akisinzia kitini, video imefaa.

Juzi hakusinzia. “Mwanangu, huyu mweusi mbona anabanwa na hajakosea kitu?”

“Amekaa vizuri, mama. Anajipanga tu,” dalali akajibu, huku akijua fika kwamba mchezo ule uliisha kabla wao wawili hawajazaliwa, na mweusi alishindwa. Akavuta muda kwa maneno mpaka macho ya mama yakafumba, ndipo akamlaza mfalme mweusi ubavu. “Na hapo akasalimu amri,” akanong'ona.

“Nimesikia,” mama mkwe akasema, macho yamefumba vile vile. “Hebu rudi pale alipokuwa amekaa vizuri.”

Dalali akamsimamisha mfalme, akazirudisha kete moja moja, akaanza kusimulia upya.