Tumekuja Kutembea

Juzi jirani yangu hapa Rayners Lane, London, alikuwa anasafisha gereji yake, akatoa hita kuukuu ya mafuta ya taa, akaiwasha aone kama bado inafanya kazi. Harufu ikapita juu ya ua, ikanikuta naanika nguo. Wengi wenu harufu hiyo itawakumbusha jiko la utambi na chai yenye ladha ya moshi. Mimi hunirudisha kwenye sebule ya Mjomba Haji kule Hayes, siku yangu ya kwanza ya likizo Ulaya. Nasema likizo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na nilikuwa na miaka kumi, umri wa kuamini unachoambiwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Kutoka Unguja kulikuwa na taabu zake. Ruhusa ya safari ilipatikana kwa kuomba na kungoja, na kwa nyumba nzima kuondoka pamoja, hilo hata halikutajwa. Mama alipewa wiki tatu za kwenda kumwona kaka yake, na mimi nikaandikwa pamoja naye kwa kuwa skuli zilikuwa zimefungwa. Baba alibaki. Niliambiwa anabaki kuangalia nyumba, nikaona ni sawa, maana tulikuwa na kuku na mtu wa kuwatazama hakuna. Jambo langu mimi lilikuwa moja tu: skuli zikifunguliwa niwe nimesharudi kwa baba. Hayo mengine ya Ulaya, ndege na baridi, niliyachukua kama mtoto anavyochukua dawa akijua baadaye atapewa sukari.

Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mimi nilikisoma skuli, kwa hiyo ulimi wa safari ulikuwa wangu. Njia nzima ndani ya ndege alinisomesha kwa kunong'ona.

"Akikuuliza tumekuja kufanya nini, mwambie tumekuja kutembea. Wiki tatu. Usizidishe neno."

Kutembea nyie mnakujua. Kwetu mtu huenda Pemba kutembea, huenda kwa shangazi yake kutembea, akakaa huko mwezi mzima hata uani hatoki. Lakini Kiingereza changu kilikuwa na neno moja tu la kutembea, lile la kwenda kwa miguu, ambalo kitabuni lilichorewa mzee na mkongojo wake. Basi yule bwana wa uhamiaji aliponiinamia kutoka juu ya meza yake, nikamtolea sauti ya darasani, nikamwambia kwamba mimi na mama yangu tumekuja London kwenda kwa miguu.

Akaniuliza mpaka wapi. Nikasema, Hayes. Akaniuliza kwa muda gani. Nikasema, wiki tatu. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie, nikayasema tena, wakacheka mpaka yule mwenzake akavua miwani. Msinicheke na nyinyi. Kisha akawa mtu wa kazi tena, akaniuliza taratibu, na wiki tatu zikisha? Nikamwambia tunarudi nyumbani kwa baba, skuli zinafunguliwa. Nilimtazama machoni nikisema hivyo. Akagonga muhuri. Mkono wa mama ulikuwa begani mwangu muda wote huo, na nilipovua nguo baadaye nilikuta vidole vyake vimeacha alama.

Mjomba Haji alitupokea nje na makoti mawili ya watu wengine. Kumbukumbu zangu za njia ya kwenda Hayes ni chache, na si kwamba nimesahau. Niliona nyumba zilizoshikana, zote za rangi moja. Niliona miti isiyo na jani hata moja, nikadhani imekufa, nikamuuliza mjomba kwa nini watu hawaikati kuni. Nilikuwa nimejiandaa kushangaa, maana wenzangu walishaniagiza niwaletee habari, lakini mshangao haukuja. Miguu ilikuwa imekufa ganzi ndani ya viatu vya wazi, na ile ganzi ikapanda, ikapanda, mpaka nikawa natazama kila kitu kama mtu aliyepitishwa mbele ya duka lililofungwa.

Mkaza mjomba, Bi Zuhura, alitupikia wali na mchuzi wa kuku. Hita ilikuwa katikati ya sebule, na sote tuliizunguka na sahani zetu mapajani. Wali ulinuka mafuta ya taa, na mto niliouegemea ulinuka vilevile. Tulipomaliza, mama akainuka, akakusanya sahani, akaenda nazo jikoni, akafungua maji.

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuna jambo. Kwetu mgeni wa siku ya kwanza akigusa sahani chafu hupokonywa kama mwizi. Huapiwa, huvutwa mkono, huambiwa hata maji ya nyumba hii yataona haya. Nilimngoja Bi Zuhura aruke. Bi Zuhura akainuka bila haraka, akamwonyesha mama sabuni ilipo, akampa na kitambaa cha kukaushia, akarudi kukaa.

Ilikuwa saa kumi ya jioni na nje giza limeshaingia, nikadhani saa ya ukutani ni mbovu. Mjomba akajisogeza kwenye mlango wa jikoni.

"Dada, nshakusemea kazini. Ni jikoni, wanapakia chakula cha abiria wa ndege. Jumatatu twende wote tukajaze fomu. Shifti ya asubuhi."

"Na karatasi zangu?"

"Kuna loya anawashughulikia watu wetu. Ntakupeleka."

Nikasema kutoka pale nilipokaa, "Mama, kazi gani Jumatatu? Sisi si tumekuja kutembea?"

Maji yaliendelea kutiririka. Bi Zuhura alimtazama mumewe. "Kumbe mtoto hajaambiwa?"

Mama hakugeuka. "Salma, haturudi."

"Hata skuli zikifunguliwa?"

"Haturudi, mwanangu."

Nikauliza, "Nani atampikia baba?"

"Baba yako anajua kupika."

Baba alikuwa mtu wa kuunguza yai la kuchemsha. Mjomba, aliyemjua shemeji yake vizuri, alipasuka kicheko, kisha akaona anacheka peke yake, akajifanya anapenga kamasi.

Najua mnangoja nilie. Mimi pia nilingoja. Nilikaa mbele ya ile hita nikingoja kilio kama unavyongoja chafya, kikakataa kuja. Nilimfikiria baba, nikamwona kabisa, na hakuna kilichotikisika ndani yangu. Baadaye Bi Zuhura alinivuta kwa nguvu akanipiga makofi mkononi, na kumbe alikuwa anazima sweta niliyovaa, mkono wa sweta ulikuwa umeanza kuungua na mimi sina habari. Mama alikuja mbio na mikono yenye povu. Alinitazama, akamtazama kaka yake, akarudi kumaliza vyombo.

Kibali cha baba cha kutufuata tulikingoja kwa miaka. Alifariki tukiwa bado tunakingoja, hitima yake tukaisoma Hayes, katika sebule ile ile. Mama alipakia vyakula vya ndege mpaka magoti yakamshinda. Na mimi nilikua na hasira yangu, nikaolewa nayo, nikaja nayo huku Rayners Lane, mpaka siku moja, mama ameshakuwa mtu mzima sana, nikamuuliza kwa nini alinidanganya.

Hakutafuta maneno. "Ningekwambia, ungelia mbele ya yule mzungu. Kulia ulikuwa hodari, uongo ndio hukuujua. Nilitaka mtu atakayemwambia kweli, na mimi kweli sikuwa nayo."

Niliona kwamba alikuwa sahihi, na hasira haikupungua hata kidogo. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuliuliza.

"Baba yako naye alisema, basi na mimi nisimuage mtoto. Nikimuaga tu, atajua."

Sijapata kuwaeleza asubuhi tuliyoondoka Unguja, kwa sababu nilikuwa naionea haya. Baba alitufikisha mlangoni. Aliniambia nisisahau kupiga mswaki, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango kabla gari halijaondoka. Hakunibusu, hakusimama kutupungia mkono. Miaka yote ile, zaidi ya wiki tatu zile za uongo, kosa nililokuwa nimelishika lilikuwa hilo, kwamba baba yangu aliona uvivu kunisindikiza. Nilikuwa nimeshakuwa na wajukuu siku mama aliponiambia, jikoni kwangu, kwamba asubuhi ile yeye alisahau mkoba, akarudi ndani kuuchukua, akamkuta baba amekaa chini nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, ili nisimsikie.