Chungu na Chupa katika Ua wa Ferista

Tarehe 1 Machi 2017 ilianza kutekelezwa, Tanzania Bara, marufuku ya pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki, ile ambayo watu waliiita viroba. Hilo lilitangazwa, likaandikwa, na halina ubishi. Lisiloandikwa popote ni namna marufuku hiyo ilivyoingia katika ua wa mjane mmoja wa eneo la Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, ambaye maishani mwake hakuwahi kuuza kiroba hata kimoja.

Mjane huyo ni Ferista. Alizaliwa Iyula, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akaolewa Tunduma na Manase, fundi wa matairi ya malori. Mtoto wao wa pekee, Goodness, alivuka mpaka akaolewa Ndola, na tangu hapo amekuwa sauti ya simu inayokatika katikati ya salamu. Manase alipofariki, Ferista alibaki na ua mpana, jiko la nje, na kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake: kupika kimpumu.

Kimpumu ni pombe ya ulezi, na haiko tayari mpaka wanywaji wameketi. Ulezi uliochachuka hutiwa chunguni ukiwa mzito kama uji wa mgonjwa, kisha humiminiwa maji ya moto, na watu hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wa tete. Maji yakipungua, huongezwa mengine. Maji ya kwanza ni makali, ya pili ndiyo matamu, ya tatu huwa ya mazungumzo tu. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema chungu kimoja kina pombe kiasi gani. Kipimo chake kilikuwa mchana mzima wa watu waliokuwa na nafasi ya kukaa.

Mama mkwe alimwachia pia masharti mawili. La kwanza, mwenye pombe huonja mbele ya wageni, wajue kwamba ndani hakuna kingine zaidi ya ulezi. Akishaonja, huutoa mrija wake na kwenda zake. La pili, chungu hakiwekwi mbele ya mtu mmoja.

"Anayetaka chungu peke yake ana neno na mtu," bibi yule alikuwa akisema. "Wewe usilimiminie maji ya moto neno usilolijua."

Kwa masharti hayo ua wa Ferista ulijaa miaka mingi. Walikuja wapakiaji wa mizigo, wabadilishaji wa fedha, wanawake waliomaliza kuuza viazi, na marafiki wa marehemu Manase waliomwita shemeji. Katika hao, wawili hawakukosa: Eliudi, mshonaji wa maturubai ya malori, mtu mrefu mwenye vidole vigumu kama kamba anazoshonea, na Yesaya, aliyewahi kuchunga ng'ombe bondeni na ambaye hakuacha kulalamikia baridi ya Tunduma hata mwezi wa kumi.

Viroba vilipotoweka madukani, vijana wa bodaboda walibaki na mazoea ya kitu kinachoingia mfukoni. Wakaanza kusimama langoni pa Ferista.

"Mama, tunaomba ya kuondoka nayo."

"Chungu hakiondoki, mwanangu. Kaa."

"Nikikaa, abiria wangu wa Chapwa atapelekwa na nani? Na huyu babu?"

Eliudi hakuutoa mrija mdomoni. "Mimi nikimpeleka atachelewa," alisema. "Wewe ukimpeleka, tunaletewa habari zake."

Ua mzima ulicheka, kijana akacheka pia, lakini hakukaa. Wa kwanza kuelewa maana ya kutokukaa huko alikuwa Gloria, dada wa marehemu Manase, aliyekuwa akiuza soda na maji kwenye maegesho ya malori. Alifika jioni moja na mfuko wa chupa tupu za maji, amekwisha kuziosha.

"Wifi, pombe yako wanaitaka. Kinachowashinda ni pa kuishikia."

Ferista alianza kuchuja. Kimpumu kilichochujwa kilitoka chembamba, cha rangi ya kahawia, na wazee wa chungu walisema kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Chupa za mwanzo alizikaza vifuniko kama mtu anayefunga mafuta ya taa, akazipanga ndani ya boksi karibu na jiko. Mchana zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, na dereva mmoja aliyekuwa amewahi kununua alirudi na shati lake la kanisani limelowa mpaka kwenye ukosi. Tangu siku hiyo kifuniko kiliachwa kimelegea, na kila mnunuzi aliambiwa aibebe chupa ikiwa wima, kama mtoto.

Polepole Ferista akajifunza jambo ambalo chungu hakikuwahi kumfundisha: kwamba kila mtu ana ukubwa wake. Bodaboda walitaka nusu lita, kwa kuwa inaisha kabla abiria hajatokea. Madereva wa malori walitaka lita moja na nusu, isimame pembeni ya kiti na iwafikishe mwisho wa foleni ya mpakani. Wanawake wa sokoni walipenda kachupa kadogo ka soda, kanakokaa chini ya kitenge ndani ya kikapu bila mtu kuuliza maswali. Wenye nyumba kubwa hawakuja wenyewe. Walituma, na waliotumwa walitaka mfuko mweusi. Dereva mmoja kutoka Kasama, ng'ambo ya mpaka, alipoona mirija imeegemezwa ukutani alifurahi kama aliyekutana na ndugu. Alisema kwao pombe hiyo huitwa katubi, na babu yake alikuwa akiinywa kwa tete vilevile. Kisha akanunua chupa kubwa, akapanda ndani ya lori lake, akafunga mlango, akanywa akitazama tela la lori lililokuwa mbele yake.

Ulipofika mwaka wa korona, hoja ya chungu ilikwisha yenyewe. Nani angeketi na wenzake kukizunguka chombo kimoja, pua kwa pua? Ugonjwa ulipopungua, hofu ilipungua pia, lakini mazoea yalibaki. Watu walisema chupa ni safi, chupa haikucheleweshi, ukiwa na chupa huhitaji kusikiliza shida za mwenzako. Sababu zao zilikuwa nzuri. Biashara ilikua. Aliezeka jiko upya. Mabenchi ya uani yakaanza kuota ukungu.

Hapo ndipo alipojua kilichokuwa kimempata. Zilikuwako siku ambazo jua lilichomoza na kutua akiwa amesema neno lilelile kwa kila aliyefika langoni: "Kubwa au ndogo?" Watu walijibu, wakapokea, wakaondoka. Wengine hawakujibu, walionyesha kwa kidole. Jioni alijikuta akizungumza na masufuria.

Kilibaki chungu cha Jumamosi, na kilibaki kwa sababu ya Eliudi na Yesaya. Wao hawakuhamia chupani. Walikaa kwenye benchi la mwisho lililokuwa zima, chungu katikati yao, wakibishana juu ya mambo yaleyale: kama Manase aliwahi kweli kuinua gurudumu la lori peke yake, na nani kati yao alikuwa shahidi. Ferista alionja, akautoa mrija wake, akarudi jikoni kuchemsha maji. Kila alipokuja kuongeza maji alisimama kidogo, akasikia kidogo, akatupia neno.

"Shemeji, huyu anasema gurudumu lilikuwa la trekta."

"Wote mlikuwa mmelewa. Lilikuwa la baiskeli."

Hayo yalimtosha kwa wiki nzima. Alichokiogopa alikijua vizuri: Jumamosi isiyo na chungu. Chungu kikiondoka, hakuna mtu atakayekaa tena katika ua wake, na yeye atakuwa dirisha la kupokelea chupa.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, kifua cha Yesaya kilikataa baridi kabisa. Binti yake Nyanzobe, mwenye shamba la mpunga Kamsamba, kule bondeni, alipanda kuja kumchukua. Yesaya alipita kuaga akiwa amevaa makoti mawili.

"Shemeji, huko bondeni joto tupu. Pombe inajichemkia yenyewe, hata jiko hawana haja nalo."

"Utarudi lini?"

"Kifua kikiniruhusu," alisema, akamtazama Eliudi, akaongeza kwa sauti ndogo, "Msimwache huyu akazeeka vibaya."

Jumamosi iliyofuata Eliudi alifika saa yake ya kawaida. Alisimama karibu na benchi bila kukaa.

"Karibu, shemeji," Ferista alisema.

"Niko mmoja."

"Nakuona."

Waliangaliana. Wote wawili walilijua sharti, na wote wawili walimkumbuka bibi aliyeliweka.

"Basi nipe hiyo ya chupa," alisema Eliudi.

Alipewa. Aliigeuza mkononi kama anayekagua mshono wa mtu mwingine. "Hii hunywewa umekaa au umesimama?"

"Wenzako husimama."

"Mimi nasimama wiki nzima juu ya malori, shemeji."

Alikunywa nusu, akaiweka chupa juu ya benchi, akashukuru, akaondoka. Ferista aliitazama ile nusu iliyobaki na akaona mwisho wa chungu. Mtu huyo hatarudi mara nyingi.

Wiki hiyo alitafuta mnywaji wa pili. Alimwomba bodaboda mmoja mstaarabu, akacheka mpaka akashika pikipiki yake. Alimwomba dereva aliyekuwa akingoja karatasi zake za forodha, akajibu kwa adabu kwamba mdomo wake na wa mzee asiyemjua haijatambulishwa. Gloria alishauri kinunuliwe chungu kidogo cha mtu mmoja. "Siku hizi kila kitu kina saizi ya mtu mmoja, wifi." Ferista alikataa. Alisema ukikipunguza chungu mpaka kimtoshe mmoja, umetengeneza chupa ya udongo.

Jumamosi ilipofika alikiweka chungu kilekile mbele ya Eliudi. Alimimina maji, akachukua mrija, akaonja. Eliudi alingoja autoe. Hakuutoa. Ferista alivuta kigoda, akaketi.

"Shemeji, umesahau mrija wako."

"Sijausahau."

Eliudi aliinamisha kichwa na kutia mrija wake. Mwanzoni waliongea kama watu walio ofisini kwa mkubwa. Maji ya pili yalipoingia, Eliudi alisimulia jinsi Manase alivyomfundisha kuendesha, na jinsi walivyoingiza gari la watu kwenye shamba la maharage. Ferista alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alicheka hadi akafuta macho kwa kanga, na sauti ya kicheko chake mwenyewe ikamshangaza, ilivyokuwa kubwa katika ua ule.

Katikati ya kicheko hicho Conjesta, jirani wa nyumba ya pili, alipiga hodi langoni.

"Mama Goodness! Ah. Kumbe leo mmekaa."

"Karibu, na wewe ukae."

"Mimi? Hapana, mama, sipendi kuingilia. Nimefuata kale kachupa kangu. Usinyanyuke, usinyanyuke, nitajichukulia."

Alijichukulia, na pamoja na chupa alichukua habari. Jumapili, baada ya ibada, ilikuwa imekwisha kuzunguka: mwenye pombe hakuutoa mrija, yeye na shemeji yake wamechangia chungu wawili tu. Gloria alifika kabla ya chakula cha mchana.

"Wifi, umekunywa chungu na mwanamume?"

"Nimekunywa kimpumu."

"Kaka yangu angekuwa hai..."

"Kaka yako angekuwa hai, ingekuwa mirija mitatu."

Gloria alikaa kwenye benchi lenye ukungu, akavua kilemba. "Mimi najua," alisema baadaye, kwa upole. "Lakini mimi ni mmoja, na wanaosema ni wengi."

Jumamosi iliyofuata Ferista alichemsha maji mapema, akafagia ua, akaweka vigoda viwili. Eliudi hakuja. Gloria alimwona maegeshoni, juu ya lori, akishona turubai siku ambayo hakuwa na desturi ya kushona. Alimwita kutoka chini. Eliudi alijibu, "Msalimie shemeji," na kuvuta uzi. Hakuongeza lingine. Jumamosi nyingine ikapita hivyo, na nyingine.

Kisha siku moja bodaboda alisimama langoni akaomba lita moja na nusu, chupa isiyokuwa yake ya kila siku.

"Umebadilisha?" Ferista aliuliza.

"Si yangu. Ya fundi maturubai. Kasema nimpelekee nyumbani."

Ferista aliijaza. Tangu siku hiyo huijaza kila Jumamosi na kuikabidhi bila kutuma neno, kwa sababu kila neno analolifikiria lingepita kwanza mdomoni mwa bodaboda, na kutoka hapo likafika kwa Conjesta. Eliudi naye hatumi neno. Chungu kimeoshwa na kufunikwa jikoni. Ferista mwenyewe hakinywi, kwa kuwa yuko mmoja. Biashara inaendelea vizuri. Ndogo ndizo zinazotoka zaidi.

Kama Eliudi aliacha kuja ili kulilinda jina la shemeji yake, au kwa sababu bila Yesaya chungu kilikuwa kimepoteza ladha kwake, haijulikani. Ferista hajamuuliza.