Siku Niliyomfungia Mtoto wa Dada

Kijana mmoja wa Bukoba aliyekuwa akipiga video za harusi aliamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, akanifuata kwenye kibanda ninakoshonea nguo. Alikuwa ameniona nikiigiza kanisani siku za Pasaka. Hadithi yake ilimhusu msichana aliyedanganywa na mwanamume kwamba anapelekwa kazini, akafungiwa kwenye chumba, akazalia humo humo, na mtoto akakua akidhani dunia nzima ni zile kuta nne. Mimi ningekuwa mama. Mtoto alikuwa bado hajampata.

"Mtoto ninaye," nilimwambia kabla hajamaliza kueleza.

Hakuwa wangu. Alikuwa wa dada yangu mkubwa anayeishi Nshambya, binti wa miaka saba, mwenye sauti inayofika mpaka benchi la mwisho kanisani anapokariri shairi. Dada alikuwa akimenya ndizi nilipokwenda kumwomba. Aliniuliza mtoto atalala wapi, atakula nini, atakosa shule siku ngapi. Nilimjibu yote. Mwisho akasema, "Huyo kijana mimi simjui. Ninakujua wewe."

Tulikwenda Kagoma, wilayani Muleba, kwa mzee mmoja aliyekuwa na stoo ya kahawa iliyokuwa tupu, kwa kuwa msimu ulikuwa haujaanza. Ilikuwa stoo ya matofali, ina dirisha moja dogo, na mlango wake ulikuwa na komeo la chuma kwa nje. Dirisha tulilifunika kwa blanketi. Ndani tuliweka godoro, ndoo, sufuria na jiko la mkaa lisilo na moto. Siku mbili za kwanza zilikuwa za furaha tupu. Mtoto alishika maneno yake vizuri kuliko mimi nilivyoshika yangu. Tulipopumzika alikimbia kwenye kibanja cha migomba na wajukuu wa yule mzee, na mke wa mzee alimwita kwa upendo, akichanganya na Kihaya, "mcheza sinema wetu, waitu" na kumpa parachichi.

Shida ilikuwa moja tu. Hakuweza kulia. Kulikuwa na kipande ambacho yule mwanamume anamtoa mama nje kwa nguvu na mtoto anabaki peke yake chumbani, akigonga mlango. Mtoto wetu aligonga mlango huku akitabasamu. Tulirudia. Akakunja uso, akatoa sauti kama ya mbuzi, halafu akacheka mwenyewe. Tulirudia tena na tena, mpaka kijana akaketi chini na kushika kichwa.

"Mwanangu, huwezi kulia hata kidogo?" nilimwuliza.

"Nitajaribu, mama mdogo."

Kijana aliniita pembeni, chini ya mibuni. Alikuwa na aibu kidogo alipozungumza, nakumbuka hilo, kwa sababu mimi sikuwa nayo. Alisema angeacha kamera ndani kwenye kigoda, ikiwa imewashwa. Mimi ningetoka kana kwamba ninakwenda kunywa maji. Yeye angefunga komeo, na mtoto asingeambiwa kitu.

"Dakika chache tu," alisema. "Wewe ndiye mama yake hapa. Ukikataa, tunaacha."

Sikukataa. Ningependa kuandika kwamba nilisita, lakini sikusita. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeanza kuipenda ile filamu, na kujipenda mimi ndani yake. Nilifikiria watu wakiitazama. Nilirudi ndani, nikamwambia mtoto, "Kaa hapo kwenye godoro, narudi sasa hivi," nikatoka.

Komeo likafungwa. Mwanzoni alicheka, akidhani ni mchezo. Kisha akaita, "Mama!" kama alivyofundishwa. Halafu akanyamaza, nadhani alikuwa akisikiliza kama kuna mtu. Alipoita tena hakusema mama. Alisema, "Mama mdogo." Alianza kugonga, si kwa ngumi kama tulivyomwelekeza, bali kwa viganja, harakaharaka. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa mlango. Kijana aliinua kidole kimoja, maana yake nisubiri. Nikasubiri.

Akaanza kulia. Kilikuwa kilio kile hasa tulichokuwa tukikitafuta, na nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale, na sehemu fulani yangu ikafurahi.

Kisha akasema, "Mama mdogo, nifungulie. Sasa nitalia vizuri. Nifungulie, nitalia."

Alikuwa amedhani amefungiwa kwa sababu alishindwa kulia. Alikuwa ameshaanza kulia na bado aliahidi kulia. Kijana alikuwa bado ameinua kidole. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, nami sikulivuta. Nilimwacha aseme maneno yale mara ya pili, na ya tatu. Ndipo nikafungua.

Alikuwa amejikojolea. Nilimbeba, nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwogesha kwenye beseni la mke wa mzee na kumbadilisha gauni. Alitetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwambia amefanya vizuri kuliko wote. Nilimwambia nitamshonea nguo mpya. Halafu nikasema jambo ambalo hata kijana hakuniambia niseme: "Hii ya kufungiwa usimwambie mama. Itakuwa siri yetu."

Alikubali kwa kichwa.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja Kahororo. Watu walijaa. Kipande kile kilipofika, akina mama walitoa leso. Maneno ya mwisho ya mtoto yalikuwa yameondolewa na kufunikwa kwa muziki, kwa hiyo zilibaki sauti za viganja na kilio. Dada yangu alikuwa ameketi kati yetu sisi wawili, mimi na mtoto. Alinishika goti, machozi yakimtoka.

"Ulimfundishaje?" aliuliza.

"Ni kipaji chake," nilijibu.

Mtoto alikuwa anatazama viatu vyake.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja dada alikuja kibandani kwangu, akaketi. Alisema mwalimu amemwita shuleni. Mtoto anainuka na kutoka kila mlango wa darasa unapofungwa, hata upepo ukiufunga. Nyumbani haingii chooni mpaka mtu asimame aushike mlango. "Nimemwuliza, hasemi," dada alisema. "Wewe anakupenda. Mwulize wewe."

Nilizima cherehani. Nilimweleza yote, na siri niliyompa mtoto nayo nikaieleza. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali machache kwa sauti ile ile aliyoniulizia mtoto angelala wapi.

"Ulikuwa nje ya mlango?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamsikia?"

"Ndiyo, dada."

"Alikuita kwa jina gani?"

"Aliniita mama mdogo."

Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Hakunikataza kwenda kwake. Krismasi tunakula pamoja, nikiugua ananiletea uji. Lakini tangu siku ile hajawahi kuniachia mtoto, hata kwa muda wa kwenda dukani.

Mtoto alipoanza sekondari nilimwomba msamaha. Tulikuwa tumeketi barazani kwao Nshambya, dada yuko ndani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nikatumia machache. Alinisikiliza akichezea kamba ya kiatu.

"Mbona hukufungua mapema?" aliuliza.

Ningeweza kumwambia ni yule kijana na kidole chake. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo.

"Kwa sababu ulikuwa unalia vizuri," nilimwambia.

Alinitazama. Nilidhani atainuka aingie ndani, lakini alibaki.

"Siku zote nilijua," alisema. "Nilikuwa naona miguu yako chini ya mlango."

Kisha akaanza kunieleza habari za shule, mtihani wa hesabu, rafiki yake aliyehama, nami nikaitikia, nikiwa siwezi hata kuinua macho.