Mama Mawimbi na mgonjwa asiye na mwili

Saa moja na nusu asubuhi, karakana ya hospitali bado inanuka sabuni ya kudekia. Mama Mawimbi, kama wauguzi walivyozoea kumwita, amevuta kiti, amevaa miwani, na anatengeneza mgonjwa.

Si mtu wa nyama na damu. Ni mstari wa kijani kwenye skrini, unaotoka kwenye mashine ya kuzalisha mawimbi ya umeme, kisanduku cha ukubwa wa redio ya mezani. Anaandika programu kwenye kompyuta, mashine inatii: kwanza wimbi la moyo, kisha la pumzi, kisha mvumo mdogo wa umeme wa ukutani. Anayajumlisha yote matatu yatoke kwa pamoja kwenye waya mmoja.

"Huyu mgonjwa wangu hali, halalamiki, wala hana ndugu wa kunigombeza," anasema huku akicheka. "Na moyo wake unadunda ninavyotaka mimi."

Kicheko hicho kimetoka mbali. Mwanzoni mwa mwaka, wodi ya moyo haikuwa na amani. Kati ya mashine kumi za kufuatilia mapigo, sita zilipiga king'ora ovyo, mgonjwa akiwa amelala zake salama. Wauguzi walikimbia wee, wakachoka, wakaanza kuvizima ving'ora. Ndipo siku moja mzee mmoja akazidiwa kweli, na king'ora chake kimezimwa. Aliyemwokoa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyepiga kelele mpaka watu wakaja.

Uongozi ukatoa wiki moja. Mashine zisipotengemaa, wodi ifungwe, na wagonjwa wa moyo wapelekwe hospitali nyingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Kila mtu alijua kuwa wengine wasingefika.

Shida ni kwamba mashine zile zikiletwa karakana zilikuwa na adabu ajabu. Mama Mawimbi alizipima kwa wimbi safi la moyo, zikahesabu sawasawa. Akazirudisha wodini, zikaanza vituko upya.

"Zilikuwa kama watoto wanaomwogopa baba tu," anasema. "Nikigeuka, vurugu."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe wake, bibi asiyeishiwa maneno, alimwona anavyogeuzageuza chakula kwenye sahani. "Mwanangu, hiyo mistari unayoitazama kutwa nzima, mbona inakukondesha?" alimuuliza. Mama Mawimbi anakiri kwamba usiku ule alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Kesho yake aliacha vifaa vyake akaenda kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. "Leo umelazwa?" muuguzi mkuu akamtania. Lakini alikuwa ameona jambo. Mgonjwa akivuta pumzi, mstari wote unapanda, akiishusha, unashuka. Na juu ya mstari huo kuna mtetemo mwembamba wa umeme unaopita ukutani. Mtetemo ulipokutana na pumzi, king'ora kikalia.

"Nilikuwa nazipima mashine kwa mtu asiyepumua, aliyelala mahali pasipo na umeme," anasema. "Mtu huyo hayupo duniani. Nilijionea aibu."

Akarudi karakana mbiombio, akayaunganisha mawimbi matatu. Mashine ya kwanza ikapiga king'ora. Ya pili pia. Akashangilia, akaziunganisha zote kumi, na zote kumi zikalia, hata zile nne nzima. Furaha ikamwishia palepale.

Ilimchukua muda kugundua kosa, na kosa lilikuwa lake. Kila wimbi alikuwa amelipatia kimo chake kamili. Yalipojumlishwa, yakapita uwezo wa kisanduku, nacho kikayakata ncha zikawa bapa. "Nilikuwa nawakata vichwa wagonjwa wangu mwenyewe," anasema.

Akapunguza kimo cha kila wimbi mpaka yote yakaenea kwa pamoja, ncha zikiwa kamili. Akapima tena. Nne zikanyamaza, zikihesabu mapigo vizuri. Sita zikalia. Mkuu wa karakana, aliyekuwa amemshikia tochi, akasema neno moja tu: "Tumezinasa."

Ndani ya zile sita, kapasita za kichujio, vipande vidogo vinavyosaidia kuuondoa mvumo wa umeme, zilikuwa zimekauka kwa uzee. Mvumo peke yake haukuzisumbua mashine, wala pumzi peke yake. Vikija pamoja, zilihesabu mtetemo kama mapigo. Kapasita zote hizo zikabadilishwa. Siku ya mwisho ya ile wiki, uongozi mzima ulisimama karakana ukitazama mashine kumi zikimhesabu vyema mgonjwa asiye na mwili. Wodi haikufungwa.

Bibi sasa anawatangazia majirani kwamba mkwewe anatengeneza mioyo. "Nimemkataza, hasikii," anasema Mama Mawimbi, na anaonekana hajamkataza kwa nguvu sana.

Mwezi ujao atawapokea mafundi wa hospitali nyingine tatu, awafundishe kumtengeneza mgonjwa huyu wao wenyewe. Anataka programu yake ifike kila karakana, bure.

Tunapopita wodini kuaga, king'ora kinalia kitanda cha dirishani. Mama Mawimbi anasimama ghafla, mkono kifuani. Wauguzi wawili wanatupita mbio, pazia linavutwa, daktari anaitwa. Dakika chache baadaye muuguzi mkuu anachungulia, jasho usoni. Ilikuwa kweli, anasema, na mama wa watu amerudi, anapumua.

Mama Mawimbi anaketi kwenye benchi la ukutani, machozi yakimtoka waziwazi.

"Umewaona?" anauliza. "Hakuna aliyeitazama mashine mara mbili. Wamemkimbilia mgonjwa."